Dawa ya Kupe na Damu Yako

Leo nazungumza nawe unayeogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe, au kunyunyizia kabeji na viazi.

Neva huiamuru misuli kwa kutoa kemikali. Kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi huivunja kemikali hiyo, na misuli ikapumzika. Baadhi ya dawa hizo, zile za jamii ya oganofosfeti, hukizuia kimeng'enya hicho. Hapo mate na jasho hutiririka, mboni za macho husinyaa, misuli hutetemeka, na pumzi huweza kukatika. Usiseme ni uchovu wa kuchuma chai.

Je, hupimwaje? Maabara huchanganya damu yako na kemikali maalumu. Kimeng'enya kikiwa na nguvu, rangi ya manjano hutokea haraka. Kikiwa kimezuiwa, huchelewa. Lakini watu hutofautiana. Kwa hiyo pimwa kabla ya kuanza kazi ya dawa, utunze karatasi, kisha upimwe tena kazi ikiendelea. Kipimo cha chembe nyekundu kikishuka hadi asilimia 70 ya kile cha kwanza, acha kushika dawa, hata kama hujisikii mgonjwa.

Dalili zikitokea, usingoje kipimo, wala usitegemee maziwa. Vua nguo, oga kwa sabuni na maji mengi, upelekwe hospitalini mara moja pamoja na mkebe wa dawa. Huko utadungwa sindano ya atropini.