Kubadili Jiko la Makaa

Jioni hii nataka kusema nanyi juu ya jiko la makaa. Si juu ya upishi, bali juu ya moto upoteao kabla haujafika chini ya sufuria. Nyumba nyingi zingali zikitumia jiko la bati tupu, na wenye nyumba hulisifu kwa kuwa ni rahisi kununua. Lakini bei ya jiko hulipwa mara moja, na bei ya makaa hulipwa kila siku.

Sogezeni mkono karibu na ubavu wa jiko la bati lililokolea moto, msiliguse. Joto lile mlisikialo ni makaa mliyoyanunua, nayo yapasha hewa ya uani. Bati ni jembamba, hupitisha joto upesi, basi mpishi hana budi kuongeza makaa ili maji yachemke.

Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walilishughulikia jambo hili. Walilitazama jiko la ndoo litumiwalo Thailand, lenye udongo uliochomwa ndani yake, wakaligeuza lifae kwa upishi wetu. Kila asongaye ugali ajua ya kuwa jiko lisilosimama imara hupinduka; kwa hiyo jiko hili lilifanywa pana juu na pana chini, na katikati lina kiuno, mfano wa kinu. Udongo uliwekwa nusu ya juu tu, mahali pakaapo moto, lisiwe zito mno. Huko Kenya huitwa jiko la kauri, na Tanzania lilienea kwa jina la jiko bora.

Likiundwa vema na kutumiwa vema, theluthi ya makaa husalia guniani, na pengine hata nusu. Tuseme nyumba yachoma madebe 6 kwa mwezi. Kwa theluthi, madebe 2 yatabaki, nayo kwa mwaka ni 24. Zidisheni wenyewe kwa bei ya soko lenu. Tena fikirini miti, maana katika tanuri la udongo la kienyeji kilo 1 ya makaa huweza kula kilo 5 za kuni, hata 10.

Nimesema "likiundwa vema" kwa kusudi. Yako majiko yapakwayo rangi nzuri, na udongo wake haukuiva. (Wako waungwana wachaguao jiko kama wachaguavyo kanga.) Rangi haihifadhi joto. Gongeni kikombe cha udongo kwa kidole: kilichoiva hulia kwa sauti kali, na chenye ufa hutoa sauti nzito, kana kwamba mmegonga gogo bovu. Tazameni baina ya udongo na bati, pawe pamejazwa simenti bila mwanya. Kisha fungeni na kufungua mlango wa hewa mara mbili tatu, kwa kuwa mlango huo ndio ufunguo wa akiba yote. Chakula kikiisha kuchemka, mlango hufungwa nusu, moto ukapungua, maharagwe yakaendelea kuiva taratibu. Nyumba iachayo mlango wazi tangu alfajiri itanunua makaa kama zamani, hata jiko likiwa zuri namna gani. Wala msizime moto kwa kumwaga maji jikoni, kwani udongo wenye moto ukipata maji hupasuka.

Liko neno moja ambalo sharti nilitaje, hasa kwa wakaao nchi za baridi, kama Limuru na Njombe. Udongo hushika joto muda mrefu, na usiku wa baridi mtu hushawishika kuliingiza jiko chumbani, akafunga dirisha, akalala. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini bila wao kuamka. Jiko jipya halikuiondoa hatari hii. Lisipofuka moshi msidhani kuwa limekwisha kuwa salama, na lifunikwapo majivu msidhani limezimika. Likiwa na kaa hata moja lililo hai, na lilale nje.