Risasi Kufanana Si Kufaa



Risasi ya kijeshi ya 5.56 na ya kiraia ya .223 hufanana mno, hata moja huingia katika bunduki ya nyingine. Lakini bunduki ya .223 huwa na nafasi fupi kati ya risasi na mifereji ya mtutu. Risasi ya kijeshi ikifyatuliwa humo, mgandamizo wa gesi waweza kupita kiasi, bunduki ikapasuka usoni mwa mpigaji.

Mwenye leseni, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, afuate kipimo kilichochongwa mtutuni. Anayeokota risasi shambani, iwe Kibosho au Marangu, asiiguse wala kuijaribu; atoe taarifa polisi.