Frere Town, Mtaa wa Kengele



Abiria anayepanda matatu mjini kwenda Bamburi au Mtwapa huvuka Daraja la Nyali, na punde si punde humsikia makanga akiita, "Kengeleni, wa kushuka!" Watu hushuka, wakashika njia zao za Kongowea na Kisauni, na ni wachache wanaoinua macho. Kengele iliyopapa mahali hapo jina ina mnara wake kando ya njia panda, katikati ya moshi wa magari na honi za tuktuk. Ni kengele ya Frere Town, na habari za mtaa huu haziwezi kusimuliwa bila hiyo.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa baharini na kufunga masoko yao. Mjumbe wa Uingereza aliyefika mwanzoni mwa mwaka huo kumshawishi alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay, naye Sultani alimkatalia. Kalamu ilishikwa baada ya Frere kuondoka, na baada ya vitisho vya manowari. Hata hivyo jina lililobaki ardhini ni la yule aliyekataliwa.

Mkataba haukuyazuia majahazi kwa siku moja. Manowari ziliendelea kuyakamata, na kila jahazi lililokamatwa lilileta swali lile lile: watu hawa waende wapi? Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo, wengi wao watoto wasioweza kueleza njia ya kwao. Kurudishwa bara kungekuwa kurudishwa mikononi mwa waliowauza. Ndipo shirika la kimisheni la CMS liliponunua ardhi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mwaka 1875, wakajengewa makazi.

Walikuwako wengine waliotangulia. Hao waliitwa Waafrika wa Bombay: watoto waliookolewa baharini miaka ya nyuma, wakapelekwa India, wakasomeshwa na kufundishwa kazi za mikono huko Nasik. Walirudi wakiwa mafundi, walimu na wakalimani, na bila wao misheni isingesimama. William Jones alikuwa mmoja wao. Mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu Hannington pamoja na mwenzake Ishmael Semler, na mwaka huo huo akafuatana na askofu katika safari ya kuelekea Uganda. Hannington aliuawa Busoga. Aliyeurudisha msafara pwani, kwa miguu, ni Jones. Mwingine wa Nasik, Matthew Wellington, alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili wa Livingstone hadi pwani. Alifariki Mombasa mwaka 1935.

Kengele iliita watu kazini, shuleni na kanisani. Ilikuwa pia na kazi nyingine, ambayo wazee wa mtaa huitaja kwanza: kuonya. Wenye watumwa wa pwani waliona mali yao inawaponyoka, na zaidi ya mara moja walitishia kuuvamia mtaa. Rabai nako, ambako watoro walikuwa wamekimbilia, uhasama ulikuwa mkubwa. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru huko Rabai, baada ya mabwana zao kulipwa fidia. Fidia ilikwenda kwa mabwana. Aliyefanya kazi bila ujira alipewa karatasi.

Watu waliotoka makabila mengi walihitaji lugha moja, nayo ikawa Kiswahili. Majirani waliwaita Wamisheni. Kutoka kwao walitokea walimu, makarani na wahubiri waliotapakaa nchi nzima, na shule ya dini iliyokuwa hapa ilihamia Limuru mwaka 1930. Leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Paulo. James Juma Mbotela, mwana wa Myao aliyekombolewa, aliandika Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichotoka mwaka 1934 na kusomwa shuleni Afrika Mashariki yote. Kwa ukoo huo huo alizaliwa Leonard Mambo Mbotela, ambaye sauti yake ilijulikana redioni kwa zaidi ya nusu karne, hadi alipofariki Februari 2025. Yafurahisha kwamba kituo kimoja cha matatu jirani na hapo bado huitwa VOK, jina la zamani la redio ya taifa.

Mazingira yaliyouzunguka mtaa yalibadilika upesi. Mashamba ya mkonge yalienea Nyali. Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kuelea, la kulipia, na mwaka 1980 likafuata hili la sasa, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Baada ya hapo ng'ambo haikuwa tena ng'ambo. Mkonge ulitoa nafasi kwa majumba na hoteli, Kongowea ikawa soko linalolisha mji, na Frere Town ikajikuta imebanwa katikati: upande mmoja kuta ndefu zenye walinzi, upande wa pili vyumba vya kupanga vya Maweni na Ziwa la Ng'ombe. Leo ni wadi ya eneo bunge la Nyali. Alfajiri mahamri na mbaazi huuzwa kwa wapangaji waliotoka kila pembe ya Kenya, adhana husikika kutoka misikiti ya jirani, na Jumapili Kanisa la Emmanuel hujaa kama zamani.

Linalouma ni ardhi. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai pwani kuyafikisha mbele ya serikali. Waliojua taratibu na waliokuwa na karatasi walipata. Wengi hawakupata, na ndiyo sababu Mombasa ina desturi ya nyumba bila ardhi, mtu anamiliki kuta na paa huku akimlipia mwingine kodi ya kiwanja. Kwa kizazi cha waliokombolewa tatizo ni zito zaidi. Ardhi ilikuwa ya misheni, si ya mababu zao kwa jina, na sehemu ilipoondoka mikononi mwa misheni wao hawakuwa na cha kuonyesha. Mgiriama ana Kaya yake. Wao wanaulizwa kwao ni wapi, na jibu pekee walilo nalo ni hapa.

Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria. Upimaji wa ardhi, ramani na makaburi ya umma ni kazi za kaunti, ilhali turathi zenye umuhimu wa kitaifa ziko chini ya serikali kuu. Mgawanyo huo si jambo la maofisi pekee: mwenye dai la kiwanja na mwenye wasiwasi juu ya mnara hawabishi mlango mmoja. Vikao vya umma vya mpango wa maendeleo wa kaunti wa miaka mitano viko wazi kwa kila mkazi, na mzee anayejua mpaka wa kaburi la babake ulipita wapi ana ushahidi usiopatikana katika ramani yoyote. Ushahidi huo uandikwe angali hai.