Kitabu Kile Kile, Msomaji Mwingine

Wekeni daftari na kalamu karibu. Leo tutazungumza habari ya kusoma tena kitabu ulichokwisha kukisoma.

Wako watu wasemao, "Kitabu hicho nimekimaliza," kana kwamba wamemaliza sahani ya wali. Wali ukiliwa haupo tena. Kitabu kikisomwa kipo vile vile. Anayebadilika ni msomaji.

Na tutazame kitabu kimoja, Kusadikika, cha Shaaban Robert. Mwandishi huyu alizaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, akafa mwaka 1962. Kitabu kilipigwa chapa mwaka 1951, Tanganyika ilipokuwa chini ya Waingereza. Ni hadithi ya nchi iliyo angani. Mtu aitwaye Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno mbele ya mfalme, kwa kosa la kufundisha elimu ya sheria. Anajitetea kwa kueleza habari za wajumbe sita waliotumwa mbali kutafuta mambo ya manufaa. Waliporudi, walitiwa gerezani.

Mtoto wa shule akisoma kitabu hiki, hupenda nchi ile ya angani, na safari za wajumbe, na hatari za njiani. Kesi humchosha. Huruka kurasa apate kufika penye safari nyingine.

Mtu wa miaka 30, aliyewahi kungoja shauri lake likatwe, haruki kurasa hizo. Anajua ulimi unavyokauka mbele ya wakubwa. Yeye humtazama Karama, na moyo humwenda mbio.

Mzee mwenye wajukuu huwafikiria raia wa Kusadikika. Wajumbe walipofungwa, raia hao walikuwa wapi? Kisha hujiuliza, "Katika kijiji chetu, ni nani aliyetuletea neno la faida tukamcheka? Nami nilikuwa upande gani?" Mtoto hawezi kuuliza hivyo, maana hajapata miaka ya kunyamaza.

Nchi nayo hukua. Msomaji wa mwaka 1951 aliweza kuwanyoshea kidole watawala wageni. Baada ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kidole hicho kilirudi nyumbani. Hakuna herufi iliyobadilishwa kitabuni.

Lakini msidhani mzee husoma vizuri na mtoto husoma vibaya. Mzee naye amepoteza kitu: ule mshangao wa kuona nchi nzima imekaa hewani. Kwa hiyo, babu na mjukuu wakisoma pamoja, kila mmoja atamwonyesha mwenziwe jambo asiloliona.

Sasa neno kwako uliyeanza kusoma ukubwani. Labda mwanao wa darasa la nne anasoma upesi, nawe ungali ukifuata maneno kwa kidole. Labda unaona haya kuketi naye penye taa moja. Usione haya. Yeye ana mwendo, wewe una miaka. Umelipa kodi, umezika wapendwa, umesimama shaurini. Mengine atakayoyaona yeye akikirudia kitabu baada ya miaka 20, wewe utayaona leo, katika kukisoma mara ya kwanza. Hukuchelewa bure, ulikuja na mzigo wenye faida.

Hata hivyo, usikiache kitabu chako. Ukikimaliza, andika tarehe katika daftari, kisha andika sentensi moja: "Niliyemhurumia zaidi ni fulani, kwa sababu hii." Baada ya miaka mitano kisome tena, uandike sentensi ya pili kabla ya kutazama ile ya kwanza. Hapo utajiona wewe mwenyewe ulivyotembea.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Ni hadithi gani uliyoipenda utotoni, na leo waiona namna nyingine?
2. Ni nani katika hadithi hiyo uliyemchukia zamani, na sasa unamwelewa?
3. Ni jambo gani ambalo mtoto huliona upesi kuliko mtu mzima?

Kwaherini, ndugu zangu. Someni, kisha rudieni.