Mkono Ulioumia na Muziki: Usiharakishe Kurudi, Usikate Tamaa

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na afisa wa afya kwa wanakwaya, wapiga ala na wanabendi wa mitaani.



Wengi wa waliokusanyika hapa hawapati riziki yao kwa muziki. Jumatatu hadi Jumamosi wako shambani, sokoni, kwenye karakana ya useremala, jikoni mwa hoteli au juu ya pikipiki. Gitaa hushikwa Jumapili kanisani, na ngoma hupigwa jioni ya harusi. Mkono ule ule unaoshika panga, msumeno na sufuria ya moto ndio unaotakiwa kubonyeza nyuzi. Ukiumia, mwenyewe hupata hasara mbili: kipato cha siku, na lile jambo linalompa furaha baada ya kazi. Hasara ya kwanza kila mtu huiona. Ya pili mara nyingi mgonjwa hubaki nayo peke yake.

Makosa ya kawaida ni matatu. Wapo wanaodharau jeraha kwa sababu ni dogo. Wapo wanaorudi kwenye ala kabla mkono haujapona. Na wapo wanaoweka gitaa juu ya kabati na kusema muziki umekwisha. Yote matatu yanaweza kuepukwa.

Saa za kwanza

Chukueni mfano wa kijana anayepiga gitaa katika kwaya. Anafyeka nyasi, panga linateleza na kumkata kidole cha kati cha mkono wa kushoto, upande wa kiganja. Jeraha ni dogo. Anafunga kitambaa, damu inakata, anaendelea na kazi. Jioni anashika gitaa na kugundua kwamba ncha ya kidole haikunjiki.

Hapo si ngozi tu iliyokatika. Kano, ile kamba inayovuta kidole kikunjike, nayo imekatika. Kano ikikatika, ncha yake hurudi nyuma kuelekea kiganjani, na kadiri wiki zinavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuiunganisha tena. Akifika hospitali siku za kwanza, daktari wa upasuaji anaweza kuishona moja kwa moja. Akikaa miezi, huenda ikabidi kano ichukuliwe kutoka sehemu nyingine ya mwili, tena kwa matumaini madogo zaidi.

Kwa hiyo kila aliyejikata ajipime mwenyewe. Je, kila kiungo cha kidole kinakunjika? Kinanyooka? Ncha inahisi ikiguswa, au ina ganzi? Jibu likiwa hapana kwa swali lolote kati ya haya, au kukiwa na ganzi, aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama ukucha.

Huduma ya kwanza ni rahisi. Vua pete na bangili mara moja, kwa kuwa mkono utavimba. Bonyeza jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono juu ya usawa wa moyo. Mkono ukiungua, umwagilie maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta, unga, majani ya chai na mafuta ya taa visipakwe, kwa maana huchafua kidonda na kumficha daktari anachohitaji kuona. Kidole kilichopinda au kuvunjika kisikandwe. Na kipande cha kidole kikikatika kabisa, kifungwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kipande chenyewe kisiguse barafu.

Aliyejikata kwa chuma chenye udongo aulize pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Zahanati na vituo vya afya vya umma ndipo pa kuanzia, navyo vitampeleka mgonjwa hospitali kubwa inapohitajika. Ni vyema kila mkaaji awe amejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya ajali kutokea. Aliyeumia kazini amjulishe mwajiri bila kuchelewa, kwa kuwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamlinda mwajiriwa.

Wiki za subira

Kidole kilichovunjika huhitaji kati ya wiki 3 na 6 kuanza kushikana. Kano iliyoshonwa hulindwa kwa gango, yaani kifaa kinachozuia kidole kisivutwe ovyo, kwa takriban wiki 6, na kazi nzito hungoja hadi wiki ya 12 hivi. Neva iliyokatika na kushonwa hukua polepole sana, kama milimita 1 kwa siku. Aliyekatwa kwenye kifundo cha mkono asishangae ganzi ya ncha za vidole ikikaa miezi mingi.

Hapa ndipo wapiga ala wengi hujiumiza upya. Kano iliyoshonwa wiki 4 zilizopita haiumi sana, na mwenyewe hudhani imepona. Anabonyeza nyuzi kwa nguvu mara moja tu, nayo inakatika. Gango lisivuliwe ili kupiga wimbo mmoja.

Lakini kukaa bila kusogeza mkono kabisa nako ni hatari. Viungo hukauka, vidole hukakamaa. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi ya viungo hutoa mazoezi madogo ya kila siku, na mgonjwa huyafanya jinsi alivyoelekezwa, bila kuzidisha wala kupunguza. Bega, kiwiko na vidole vizima visogezwe tangu mwanzo, isipokuwa daktari akikataza.

Kurudi kwenye ala

Daktari akiruhusu, anza kwa dakika 5, mara mbili kwa siku. Piga polepole, sauti ya chini, wimbo unaoujua vizuri. Ongeza dakika chache kila baada ya siku kadhaa. Maumivu yakiwapo bado asubuhi inayofuata, au mkono ukivimba, punguza. Mpiga gitaa atumie nyuzi nyembamba na kuzilegeza kidogo, ili zibonyezeke kwa nguvu kidogo. Mpiga kinanda aanze na mkono mzima, huku ule ulioumia ukigusa noti chache.

Wapo ambao mkono hautarudi kama ulivyokuwa. Hao nao wana njia. Mwaka 1928, Django Reinhardt, kijana wa miaka 18 aliyeishi Ufaransa, aliungua motoni ndani ya gari la nyumba. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto, cha pete na cha mwisho, havikufanya kazi vizuri tena. Alijifunza upya kupiga gitaa akitegemea vidole viwili, na akawa miongoni mwa wapiga gitaa wakubwa wa jazi duniani. Miaka mingi baadaye, huko Birmingham, Uingereza, mfanyakazi wa kiwanda mwenye miaka 17 aitwaye Tony Iommi alikatwa ncha za vidole viwili na mashine. Msimamizi wake kazini alimletea sahani ya santuri ya Django. Iommi alijitengenezea vifuniko vya vidole kwa plastiki iliyoyeyushwa, akafunga nyuzi nyembamba, akaendelea kupiga hadi akajulikana ulimwenguni kote.

Hakuna aliyeahidiwa umaarufu hapa. Funzo ni kwamba wote wawili waliacha kudai mkono wa zamani, wakafanya kazi na mkono waliobaki nao.

Wajibu wa kikundi

Mwisho, neno kwa viongozi wa kwaya na bendi. Aliyeumia huogopa kwamba nafasi yake itachukuliwa, na hofu hiyo ndiyo humfanya avue bandeji mapema. Mwambieni wazi kwamba nafasi yake ipo. Aendelee kuja mazoezini. Mpeni kazi ya kuhesabu mapigo, kuimba, kupiga kayamba kwa mkono mzima, au kumfundisha kijana mdogo anayeshika gitaa lake kwa muda. Akinyamaza sana, akikosa usingizi au akisema hana tena thamani, msimwache peke yake. Mpelekeni azungumze na mhudumu wa afya.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole kilichoumia, mwenye nacho hakiponyi peke yake.