TUNGUU LA TULIPU: AKIBA ILIYOFICHWA UDONGONI

 

Leo tutaanza na kitunguu. Chukua kitunguu kimoja, ukipasue katikati, kutoka juu mpaka chini. Tazama ndani. Utaona maganda manene yamefunikana. Katikati kabisa kuna chipukizi dogo. Maganda yale ni ghala, na chipukizi ndilo mwenye ghala. Ndiyo maana kitunguu ulichokisahau kapuni huchipua chenyewe, bila udongo na bila maji. Kinakula akiba yake.

Sasa twende Uholanzi, nchi ya Ulaya. Huko kuna ua maarufu liitwalo tulipu. Nalo huota kutoka katika tunguu, lenye umbo kama la kitunguu kidogo. Asili ya tulipu ni Asia. Waturuki waliipenda sana wakaipanda katika bustani zao. Mwaka 1593 mtaalamu wa mimea, Carolus Clusius, aliipanda katika bustani ya chuo kikuu cha mji wa Leiden, huko Uholanzi. Mwaka uliofuata ikatoa maua.

Je, Waholanzi huipanda lini? Si wakati joto linapoanza. Huipanda mwezi wa Oktoba na Novemba, majani ya miti yanapopukutika na baridi inapokaribia. Kwa nini? Kwa sababu tunguu la tulipu linahitaji baridi ya wiki 12 au zaidi. Lisipoipata, ua halitoki vizuri. Basi hata sisi tukilipanda katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, litatuvunja moyo.

Sikiliza jinsi linavyopandwa. Kwanza, chagua tunguu gumu, lisilo na ukungu. Pili, chimba shimo la inchi 6, yaani kama theluthi mbili za shibiri moja. Tatu, weka tunguu, ncha yake ikitazama juu. Nne, lifukie. Acha nafasi ya inchi 4 kabla ya kupanda jingine.

Wazee walisema, akiba haiozi. Lakini akiba hii huoza ukiipanda mahali panapotuama maji. Basi chagua udongo usioshika maji.

Mwezi wa Aprili maua hufunguka. Yakinyauka, mwenye bustani hukata vichwa vyake, lakini majani huyaacha mpaka yawe manjano. Mgeni ataona kuwa majani yale hayapendezi, atake kuyakata. Asiyakate! Tunguu la kwanza limekwisha kuliwa. Majani ndiyo yanayotengeneza chakula cha matunguu mapya. Ukiyakata yangali mabichi, umelinyima ua la mwakani chakula chake.

Sasa sikiliza jambo moja la huzuni. Katika vita kuu ya pili, Uholanzi ilitawaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mwishoni mwa mwaka 1944 chakula kilizuiwa kufika katika miji ya magharibi. Baridi ilikuwa kali, mifereji ikaganda, na mashua za chakula hazikuweza kupita. Watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa na taabu zake.

Lakini kulikuwa na matunguu ya tulipu maghalani. Watu wakayamenya, wakaondoa kiini cha manjano kwa sababu kina madhara, kisha wakayachemsha au wakayasaga unga. Hakikuwa chakula kitamu. Lakini akiba ambayo ua lilijiwekea iliwasaidia watu wengi kufika mwezi wa Mei 1945, vita vilipokwisha huko. Wewe usijaribu kuyala. Yanaweza kukudhuru, na ya dukani pengine yametiwa dawa. Wao walilazimishwa na njaa.

Ukipita tena sokoni na kuona fungu la vitunguu, utajua kuna nini ndani yake: chakula ambacho majani yalikitengeneza wakati wa jua, kikawekwa kwa ajili ya siku nyingine.

Maswali ya kujibu katika daftari:

1. Kwa nini tulipu hupandwa kabla ya baridi?
2. Kwa nini majani mabichi hayakatwi?
3. Nyumbani kwako mnaweka akiba gani ya chakula, na mnaihifadhi namna gani? Andika sentensi tatu.

Msomeeni mwenzenu majibu yenu.