Uso Kwanza, Suti Baadaye: Mavazi ya Picha ya Kazi kwa Vijana wa Temeke na Kinondoni



Katika studio nyingi za picha, Mbagala hata Mwananyamala, kuna koti jeusi la wateja na tai iliyokwisha kufungwa fundo. Kila anayetaka picha ya kazi hulivaa, mnene kwa mwembamba. Siku hizi hata koti halihitajiki: unapigwa na fulana yako, kisha unavalishwa suti kwenye kompyuta. Naomba tuziache desturi hizi mbili, kwa sababu zinawaumiza vijana wetu.

Wazee wetu walipokwenda studio walitaka picha ya kutundika sebuleni. Mtu alivaa alivyotamani kuonekana, na hapakuwa na ubaya wowote. Picha ya kuambatanisha na wasifu ina kazi nyingine: mwajiri anaitazama leo, na siku ya usaili anakuona wewe mwenyewe ukiingia mlangoni. Suti ya kompyuta haikai vizuri shingoni. Uso umepata mwanga kutoka kushoto, koti limepata kutoka kulia. Anayezoea kusoma maombi ya kazi huligundua hilo mara moja, na ana haki ya kujiuliza ni kipi kingine kilichobandikwa kwenye wasifu huo.

Vazi lifuate kazi unayoiomba. Serikali ilitoa Waraka wa Utumishi mwaka 2007 kuhusu mavazi ya watumishi wa umma. Anayeomba ajira huko aanzie kwenye heshima inayotakiwa humo. Lakini fundi umeme ana sababu gani ya kuvaa tai? Shati safi lenye kola, au ovaroli iliyofuliwa na kunyooshwa, inamweleza vizuri zaidi.

Sasa niseme kuhusu rangi, maana hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia. Zamani filamu za rangi za Kodak zilisafishwa kwa kulinganishwa na kadi za mwanamke wa Kizungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley, na ngozi nyeusi ikawa inapoteza sura yake. Kamera za leo ni bora zaidi, ila ikiachwa ijipangie mwanga yenyewe, kamera bado hudanganywa na nguo. Shati jeupe pe likijaza sehemu kubwa ya picha, kamera hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso unakuwa giza. Mwenye ngozi nyeusi apendelee rangi ya maziwa, buluu ya wastani, zambarau iliyokolea au kijani cha chupa. Lazima iwe nyeupe? Basi mpiga picha apimie mwanga usoni. Mistari myembamba iliyosongamana huleta mawimbi kwenye picha, na satini inayong'aa hurudisha taa machoni mwa mtazamaji. Dada anayevaa ushungi achague kitambaa kisichong'aa, cha rangi moja, kwa sababu ndicho kinachouzunguka uso wote. Kitenge kinafaa kabisa, mradi maua yake yawe madogo.

Kuhusu gharama, msiogope. Picha hii huishia kifuani. Suruali na viatu havionekani. Fedha yote iende kwenye shati moja. Katika mitumba ya Tandika yanapatikana mashati mazuri; kagua kola kwanza, uone haijachakaa wala kubadilika rangi, kisha ifunge hadi juu: vidole viwili vipite shingoni. Mabega yakizidi, mpelekee fundi cherehani ayapunguze. Halafu usilivae kwenye daladala. Kwa joto na unyevu wa Dar es Salaam, hasa miezi ya Desemba hadi Machi, utafika limelowa jasho na kukunjamana. Libebe kwenye henga, panguse uso, livae studio dakika chache kabla ya kupigwa.

Kwa wenzangu wenye studio nina ombi moja. Shati la buluu mbele ya kitambaa cha buluu humfanya mteja aonekane kichwa kitupu kinachoelea. Mteja akipiga simu kuuliza bei, mwambieni pia rangi ya kitambaa chenu cha nyuma, ili achague shati kabla hajatoka nyumbani.